Kisha Ugonjwa Mufupi

Katuba, tarehe 4 Machi 2025

Papa Désiré,

Ninakuandikia ku karatasi sababu ku simu unanikatizaka. Mara tatu juzi! Ninafungua kinywa, wewe "réseau iko mubaya, Mama Désiré," tuu, umekata. Réseau ya hapo ku mupaka inajuaka kufa saa ile tu bibi yako anataka kusema. Karatasi haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, na Kapya nimemuambia asitoke na taxi yake Mokambo mpaka akuone na macho unaisoma.

Sikia. Siku ya posho, ile Jumamosi, asubuhi Franck alifika hapa nyumbani. Franck, ule mutoto wa avenue ya nyuma, mwenye alienda ku jeshi siku moja na Désiré yetu. Anatembea na fimbo, mguu ya kuume haina tena kazi. Alikaa ku kiti, akakataa chakula, hapo njo nilijua. Ule mutoto hakataaki sombe yangu bure.

Alisema hivi: tarehe kumi na tisa ya Februari, kule mashariki, pa daraja, masasi ya bunduki iliisha toka asubuhi. Désiré alikuwa pembeni yake. Alipigwa pa kifua. Franck njo alimufunga macho na mukono yake mwenyewe, kisha balikimbia, bakamuacha kule. Mutoto yetu amekufa, Papa Désiré. Sijui kuandika hii mambo namna ingine.

Nililia siku mbili. Leo niliamuka, nikaenda ku radio juu ya komunike, ginsi bantu bote banafanyaka hapa Lubumbashi: jina, familia, fasi ya matanga, basi. Kijana wa radio aliandika bizuri mpaka pa "amekufa ku vita, pa daraja." Akasimamisha bic. "Mama, hapa siwezi. Serikali ilisema pa daraja hakuna hata soda mumoja wa jeshi alikufa." Nikamuuliza: sasa mwana yangu alikufa wapi, ku kitanda? Akaangalia mulango, akanisemesha polepole: "Tuweke 'amekufa kisha ugonjwa mufupi', Mama. Bote banawekaka ile."

Ugonjwa mufupi! Nilinyang'anya karatasi yangu nikatoka.

Kuja. Lomba ruhusa ku kazi, panda taxi ya Kapya, kuja tulie mutoto yetu.

Bibi yako,
Léonie


Mokambo, tarehe 7 Machi 2025

Mama Désiré,

Nimeisoma barua yako mbele ya Kapya kama ulivyoamuru. Kisha nimeisoma mara mbili nyingine peke yangu.

Sikiliza kwa utulivu. Franck ni mtoto aliyejeruhiwa, na mtu aliyejeruhiwa huona mengi. Mpaka leo hatuna karatasi yoyote ya jeshi inayosema mwana wetu amekufa. Serikali imetangaza kwamba pale darajani askari walirudi nyuma kwa mpango, wote salama. Mimi ni mtumishi wa serikali hiyo. Kila siku nagonga muhuri kwenye karatasi za malori kwa jina la nchi. Siwezi asubuhi kuitumikia na jioni kuiita mwongo.

Nchi iko vitani. Adui ana masikio. Tukiweka matanga, kesho picha zitazunguka kwenye simu: tazameni, Lubumbashi wanazika. Tutakuwa tumemsaidia bure. Tena fikiria sisi ni nani. Mimi ni mtu wa Kasai katika Katanga. Wewe ni Mulenga, mtoto wa hapa, hujui uzito wake. Nikisema, wataniambia nirudi kwetu. Nikinyamaza, wanasema serikali ni ya ndugu yangu wa Kasai, ndiyo maana nimenyamaza. Kati ya hayo mawili, bora ninyamaze, angalau kazi ibaki.

Kwa hiyo matanga, hapana. Komunike, hapana. Tusubiri karatasi, tukimwomba Mungu.

Mumeo,
Aristote Mbuyi
Karani, ofisi ya mpaka
(muhuri)


Katuba, tarehe 11 Machi 2025

Papa Désiré,

Umepiga muhuri ku barua ya bibi yako! Kapya aliona, akacheka mpaka akakohoa. Mi sikucheka. Na ile Swahili yako ya bashofere ba Tanzania, "kwa utulivu", "kwa mpango", unaniandikia sawa mi niko lori inataka kupita mupaka.

Unasema adui iko na masikio. Weee, Aristote! Adui njo alipiga ile masasi! Anajua hesabu ya bale benye balikufa kupita sisi bote. Basi banamuficha nani? Banatuficha sisi, benye batoto.

Na unaniimbia nchi. Nchi ni ya nani? Tulipiga kura, wewe na mi. Nilisimama mu foleni toka asubuhi mpaka jua inashuka, miguu inavimba, na hii kidole yangu ilibakia nyeusi siku mingi, nikaringa nayo mu soko. Ile siku hakuna muntu aliniambia: Mama, kisha kupiga kura utafunga kinywa.

Nilisha kuweka matawi ku mwanzo ya avenue, ya kuonyesha bantu kuko matanga. Papa Mumba, shefu wa kartie, mwenye anaongoza mutaa yetu, alikuja kuyang'oa na mikono yake mwenyewe. Hakupiga kelele, aliniita hata "mama yangu". Akasema: "Matanga ya soda bila karatasi ya jeshi ni kuvunja moyo ya basoda." Nikamuuliza: na moyo yangu, shefu, ile inavunjwa na nani? Akabeba matawi pa bega, akaenda.

Mama Émerance wa jirani, ule wa Butembo mwenye anauzishaka maharagi ya gros, magunia kwa magunia, alinisaidia kutandika mikeka mu nyumba kimya kimya. Alisema: "Kwetu vita iko toka mi niko kabinti. Kila mwaka banatuambia tungoje iishe, kisha tutasema. Haiishi, na hatusemi."

Kaka yangu naye anasema niitike tu ile ugonjwa mufupi, bantu bakuje, balie, mambo iishe. Désiré hakugonjwa! Ule mutoto hata malaria ilikuwa inamuogopa. Alikufa sababu wewe ulimushika mukono ukamupeleka pale stade, fasi balikuwa banaandikisha bijana. Yeye alikuwa anataka kusoma électricité. Wewe ukasema nchi kwanza. Sawa, nchi ilikuwa ya kwanza. Mwana yangu sasa iko wa ngapi?

Ninangojea jibu bila muhuri.

Léonie


Mokambo, tarehe 16 Machi 2025

Mama Désiré,

Bila muhuri, basi.

Ulichosema juu ya uwanja wa kuandikisha vijana ni kweli. 

Nimefanya jambo ambalo wewe pia ungelifanya kama ungekuwa na subira. Nimeandika barua rasmi kwa ofisi ya jeshi huko mjini. Kwa heshima, kwa njia yake, na namba ya kumbukumbu juu. Nimeuliza: askari Mbuyi Désiré yuko wapi? Nimeweka anwani yetu ya Katuba ili jibu likufikie wewe kwanza. Ofisi ikiulizwa vizuri hujibu vizuri. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, nawajua.

Mpaka hapo, nakuomba, usirudi redioni. Usimpokee Franck mbele ya watu. Usibishane na shefu wa kartie. Unadhani sina uchungu? Kila asubuhi kuna dereva ananiuliza habari za askari wangu, nami najibu, "Yuko mbele, anashikilia." Nasema hivyo, nagonga muhuri kwenye karatasi yake.

Vumilia kidogo tu, Léonie. Kidogo.

Aristote


Katuba, tarehe 2 Aprili 2025

Papa Désiré,

Ofisi imejibu. Imejibu bizuri kabisa, utafurahi.

Basoda bawili na mukubwa yabo balikuja jana saa ine ya asubuhi na karatasi. Nilifikiri njo ile ya kifo. Nilifunga kitambaa bizuri ku kichwa, nikaita Mama Émerance anishike kama nitaanguka. Kumbe! Kapya anakuletea kopi, soma wewe mwenyewe: "Mbuyi Désiré ameacha kazi tangu tarehe 19 Februari. Ni mtoro. Familia inatakiwa kumtoa." Unaona hesabu yabo? Pa daraja hakuna muntu alikufa. Désiré haiko mu kambi. Basi alikimbia. Bamemaliza.

Balitafuta mu nyumba yote. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka mu pipa ya mayi. Mukubwa alihesabu sahani pa meza, akauliza: "Unasema unaishi peke yako, hii sahani tatu ni ya nani?" Nikamuambia ni ya Mama Émerance na binti yake, banakuja kula hapa na kulia na mi. "Kulia nani?" Kulia nani! Aliniuliza mi!

Sasa avenue yote inajua. Bale benye bamefichaka bijana yabo ku mashamba juu ya vita, leo banacheka: ona, hata mwana ya Mbuyi alikimbia. Mutoto mwenye alibakia pale mpaka masasi ikaisha, jina yake leo ni mutoro.

Na nani alibaandikia anwani ya nyumba yetu? Wewe. Barua yako ya heshima na namba yake njo ilibaleta.



Léonie


Mokambo, tarehe 5 Aprili 2025

Léonie,

Nimeipeleka kopi ile kwa mkubwa wangu wa kazi. Nimesimama mbele ya meza yake nikasema: mwanangu si mtoro. Akasoma, akaikunja, akaniambia, "Mbuyi, ikubali hivi kwanza. Vita ikiisha itasahihishwa." Nikamuuliza, na nani? Kwa karatasi gani? Akasema nisivunje umoja wa taifa ofisini kwake, adui ana masikio. Maneno yaleyale niliyokuandikia wewe mwezi uliopita. Nilipoyasikia kwenye mdomo wa mwingine, niliona haya.

Sasa nikwambie nilichokuficha.

Tarehe 18 Februari, mchana, Désiré alinipigia simu. Alizungumza haraka haraka. "Papa, masasi imebaki kidogo. Siku mbili hatujala. Mukubwa wetu ameondoka na gari. Wewe unajuana na mbunge wetu, mwambie. Ikiwezekana sema hata ku radio, bantu bajue tuko huku." Na mimi, Léonie, nilimjibu: "Mwanangu, askari halalamiki. Ukisema hayo kwenye simu, adui anasikia. Shika nafasi yako."  Nikadhani réseau imekatika. Kisha akasema, "Ndiyo, Papa."

Kwa hiyo tangu barua yako ya kwanza nilijua Franck hasemi uongo. Kila nilipokuandikia tusubiri karatasi, nilikuwa nasubiri karatasi ya kunisafisha mimi. Ningaliweza kwenda kwa mbunge siku ileile. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sikwenda kwa sababu nilitaka niitwe mzalendo, nikaogopa kuitwa kitu kingine.

Nitumie komunike yako kama ulivyomwandikisha kijana wa redio. Majina yote. Usibadilishe neno.

Aristote


Katuba, tarehe 8 Aprili 2025

Aristote,

Nilisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kufua nguo yenye ilikuwa safi. Nilikuchukia mpaka saa sita ya mchana. Ningeweza kukuambia haina kitu, lakini iko kitu, na mukubwa. Tutaisema siku ingine, uso kwa uso, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Lakini jina ya mutoto kwanza. Komunike njo hii:

"Familia Mbuyi na familia Mulenga, na bandugu bote na barafiki, kwa huzuni mukubwa banatangaza kifo ya mutoto yabo Désiré Mbuyi, soda, miaka makumi mbili na tatu, mwenye amekufa ku vita, pa daraja, tarehe 19 Februari. Mwili haiyarudi. Matanga iko nyumbani kwa baba yake, Katuba."

Utafanya nayo nini? Hapo Mokambo hakuna muntu atakusomea hii. Usifanye bujinga. Mwana nimekosa, bwana sitaki kumukosa vilevile.

Léonie


Mokambo, tarehe 11 Aprili 2025

Mama Désiré,

Naandika kutoka chumba cha polisi hapa mpakani. Usishtuke. Sijapigwa.

Unaijua desturi yetu: saa moja na nusu, bendera inapopanda, kila mtu husimama pale alipo. Lori linazima mota, mama wa samaki anasimama na beseni lake kichwani, hata Wazambia waliovuka wanasimama. Miaka ishirini na mbili nimesimama hivyo, sijawahi hata kujikuna. Jana nikawaza: hawa wote wako kimya, na hakuna atakayeondoka mpaka amri itolewe. Bendera ilipofika juu, kabla ya amri, nilitoka mstarini nikasoma komunike. Nilisoma kwa sauti ile ya kuitia madereva. Familia zote, jina, tarehe. "Ku vita, pa daraja." Sikuigeuza Swahili yako hata neno moja.

Mkubwa wangu akafoka, "Mbuyi, wazimu gani huu, mbele ya bendera!" Nikamjibu kwamba hapo ndipo penyewe. Mwanangu aliifia hiyo bendera, na hakuna aliyeiambia. Askari kijana aliyevuta kamba hakushusha saluti yake mpaka nilipomaliza. Sijui alikuwa anampigia nani, na sitamuuliza, wasije wakamsumbua.

Kisha wakanichukua. Wanasema nimevunja moyo wa jeshi wakati wa vita. Nimewaambia waandike maneno yangu sawasawa: naipenda nchi hii, ndiyo maana nimesema. Karani wao alifika kwenye "ndiyo maana" akaacha kuandika, akanitazama, akaniuliza kama nimekosea. Ilibidi nirudie mara tatu. Mwishowe aliandika "anaipenda nchi", akaweka nukta.

Naona haya tu kwamba nimechelewa. Weka matanga, usiningoje.

Aristote


Katuba, tarehe 15 Aprili 2025

Papa Désiré,

Matanga iko. Hata sikuiweka mi, bantu balikuja benyewe. Bale bamama ba samaki benye balisimama pale na mabeseni balifika huku Kapya hayafika bado, bakasema mu soko, na magaribi lupango yetu ilijaa mpaka ku barabara. Mama Émerance alileta biti ya kanisa yabo. Franck alikaa mbele ya bote na fimbo yake, akaeleza ginsi ilikuwa, na hakuna muntu alimukatiza. Nililia bizuri, Aristote. Toka ile siku ya kwanza sikuwa nimelia bizuri.

Sasa sikia ya leo, lakini ukae chini kwanza.

Ule mukubwa mwenye alihesabu sahani amerudi. Peke yake, bila bunduki, na karatasi mupya. Alivua kofia pa mulango. Alisema bamechunguza tena, Désiré haiko mutoro, ile neno batalifuta. Na wewe utatoka siku ileile, na kazi yako batakurudishia. Kitu kimoja tu: muzazi mumoja atie sahihi kwamba Mbuyi Désiré alikufa mu kambi, kisha ugonjwa mufupi. Malaria, akasema, kama tunapenda malaria.

Kaka yangu alinishika bega. "Weka sahihi, Léonie, unangojea nini? Mutoto hatarudi. Bwana yako anaweza kurudi kesho." Na haikosei, kaka yangu. Niliwaza mugongo yako pa ile simenti. Niliwaza miaka yote ya kazi, na ginsi tutakula mwezi yenye inakuja. Nilishika bic. Sikudanganyi, niliishika, na mukono ilifika mpaka pa mustari ya sahihi.

Kisha nilikata ile maneno, "mu kambi, kisha ugonjwa mufupi", nikaikata mara mbili ionekane. Juu yake niliandika: ku vita, pa daraja. Njo hapo niliweka sahihi. Mukubwa alisoma, akavaa kofia yake, akaniuliza kama ninajua kwa ile wewe hutatoka. Nikamuambia ninajua.

Sikukuuliza wewe mbele. Nilikuwa na namba ya Kapya, ningeweza kungojea siku moja, na sikungojea, sababu niliogopa utasema ndiyo. Kasirika, uko na haki. Mwenye analala ndani ni wewe, haiko mi. Toka leo muntu akikuuliza nani amekufunga, usiseme ni serikali peke yake. Ni mi vilevile.

Kapya anakuletea blanketi mbili, sabuni, na bukari na sombe mu sahani ya kufunika. Kula upesi, mbele haiyapoa.

Bibi yako,
Léonie